Kupima maji na kaboni ya shina la mahindi kwa ndoo na mizani

Jani la mahindi lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho matupu. Shuleni tuliyaita stomata. Kwa matundu hayo hayo mmea huvuta hewa ukaa, ile yenye kaboni, ya kutengenezea chakula, na kwa hayo hayo maji hutoka yakiwa mvuke. Mlango ni mmoja. Mmea ukiufungua ili ule, unapoteza maji. Ukifunga utunze maji, unalala njaa. Nimewafundisha wakulima wengi jambo hili kwa maneno, wakaitikia tu kwa adabu. Wanaamini wanapoiona namba kwenye mizani wenyewe, ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Unahitaji ndoo 6 za lita 20 zinazofanana, mizani ya kidijitali ya kuning'iniza (ile ya kupimia mizigo ya safari inatosha, mradi isome gramu 10), chokaa kidogo na daftari. Fanya kazi hii kiangazi, kwenye shamba la umwagiliaji, mvua isije ikakuharibia hesabu.

Hatua ya 1: Andaa ndoo

Chimba mashimo matatu katikati ya shamba na kufukia ndoo tatu hadi ukingoni. Hizo ni maganda ya nje tu, hazitoki tena. Ndoo nyingine tatu zitumbukie ndani yake, ili uweze kuzinyanyua na kuzirudisha bila kubomoa udongo. Zijaze udongo wa hapo hapo: wa juu ubaki juu, wa chini ubaki chini, na uzito ulingane. Ndoo A na B panda shina moja moja la mahindi, siku moja na shamba zima. Ndoo C iache na udongo tu, bila mmea. Hiyo itakuambia udongo peke yake unapoteza kiasi gani. Usizitoboe.

Mahali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ndoo iwe ndani ya mstari, imezungukwa na mahindi wenzake pande zote. Ukiiweka uani au pembeni mwa shamba, upepo mkavu na jua la ubavuni vitaikausha kupita kiasi, na utakuwa umepima ua wako.

Hatua ya 2: Pima

Pima saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Andika kwanza, fikiri baadaye. Jioni rudisha maji kwa uzito ule ule uliopotea: zikipungua gramu 600, mwagia mililita 600. Utaona mapema kwamba upungufu wa usiku ni mdogo sana. Gizani mahindi hayana kazi ya kuvuta hewa ukaa, kwa hiyo mlango umefungwa.

Hatua ya 3: Geuza gramu ziwe milimita

Hapa ndipo nilipokosea msimu wangu wa kwanza, na kosa lenyewe lilinifundisha kuliko vipimo vyote. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele. Ndoo A ilipoteza gramu 860 kwa siku. Mdomo wa ndoo ulikuwa na kipenyo cha sentimita 28, yaani mita za mraba 0.0616. Lita moja juu ya mita moja ya mraba ni milimita moja, basi nikagawa: milimita 14 kwa siku. Nikaitangaza kwa furaha.

Haiwezekani. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.45 za nishati. Milimita 14 zinadai megajuli 34 kwa kila mita ya mraba. Siku ya jua kali kwetu shamba hupokea kama 25, na sehemu yake hurudi angani bila kugusa maji. Nilikuwa nimetumia jua ambalo halikuwaka.

Kosa lilikuwa kwenye kugawa. Majani ya mahindi hayaishii kwenye mdomo wa ndoo. Yanatandaa juu ya nafasi yote ya shina. Kwa upandaji wa sentimita 75 kwa 30, kila shina lina mita za mraba 0.225. Gawa 0.86 kwa 0.225: milimita 3.8. Hiyo jua linaimudu. Tangu siku hiyo kila namba yangu huipeleka kwanza mbele ya jua, nami nakuomba ufanye hivyo.

Hatua ya 4: Inyime maji ndoo B

Mahindi yakishafika kiunoni, acha kumwagilia ndoo B kwa siku nne. Endelea kupima, ila sasa pima kila baada ya saa mbili, na ukae hapo uangalie. Asubuhi A na B hazitofautiani. Kufika saa tano majani ya B yanaanza kujikunja kwa urefu. Saa saba yamesimama kama majani ya kitunguu, na rangi imekuwa ya kijivu kidogo. Yashike: ni ya moto. Kisha shika ya A, ni baridi, kwa sababu mvuke unaotoka unaondoka na joto. Mizani nayo itasema hivyo hivyo: B sasa inapoteza chini ya nusu ya A. Mkulima huona hapo kwamba maji yametunzwa. Kweli, lakini saa hizo hizo hewa ukaa haiingii, na punje hazijazwi. Mahindi yanayojikunja kila mchana wakati wa mbelewele yanakula hasara ambayo mvua ya baadaye hailipi.

Hatua ya 5: Ona kaboni ikirudi usiku

Tafuta chokaa iliyozimwa, ile ya kujengea au ya tambuu. Chokaa ya shambani ya kupunguza tindikali haifai. Hiyo tayari imeshiba hewa ukaa. Koroga kijiko kimoja kwenye lita ya maji, funika hadi itulie, chota maji maangavu ya juu. Linda macho na ngozi, inachoma.

Jioni weka kisahani cha maji hayo juu ya udongo kati ya mistari, ukifunike kwa sufuria iliyozama kidogo ardhini. Kisahani cha pili kiweke juu ya karatasi ya nailoni, ukifunike vile vile na kuziba kingo kwa tope. Alfajiri cha kwanza kitakuwa na utando mweupe mgumu. Cha pili kidogo tu. Utando huo ni hewa ukaa ya mizizi na vijidudu vya udongo iliyonaswa na chokaa. Ndivyo kuta za zamani za pwani zilivyokuwa ngumu: tanuri liliitoa hewa hiyo kwenye matumbawe, ukuta ukairudisha polepole. Karibu nusu ya kaboni ambayo mmea huvuta mchana huipumua wenyewe. Tunachovuna ni kilichobaki.

Hatua ya 6: Kutanisha maji na kaboni

Mahindi yakikomaa, ng'oa shina la A lote, osha mizizi, anika hadi uzito ugome kupungua. Jumlisha maji yote yaliyopotea ndoo A, toa ya ndoo C. Tuseme umepata kilo 54 za maji na gramu 150 za mmea mkavu: hiyo ni 360 kwa 1. Kaboni ni kama asilimia 45 ya uzito mkavu, gramu 67.5, kila gramu yake imegharimu gramu 800 za maji.

Briggs na Shantz, wanasayansi wa Marekani, walipima vyungu kwa njia hii hii huko Akron, Colorado, miaka ya 1910, wakapata mahindi karibu na 360, na alfalfa, mmea wa malisho, zaidi ya 800. Mahindi, kama mtama, huikusanya hewa ukaa kwanza kabla ya kuipeleka kiwandani, ndiyo maana huweza kufungua mlango kidogo tu. Panda maharage msimu ujao ujionee tofauti.

Hatua ya 7: Miti

Mti hauingii ndooni. Yangambi, Kongo, kuna mnara wa mita 55 unaopima upepo na hewa ukaa juu ya msitu mara nyingi kwa sekunde. Mbeya, kuanzia 1958, watafiti walipima mvua na mito ya mabonde mawili: la msitu lilitumia maji mengi zaidi, na mto wa lililolimwa ukatoa zaidi. Usikimbilie kukata miti kwa hilo. Udongo ule wa volkano hunywa mvua vizuri hata ukilimwa; penye udongo unaofunga juu, maji yangekimbia na tope.

Wewe pima mgrivea wako, ule mti wa mbao. Zungusha futi ya utepe kwenye shina, kimo cha mita 1.3, gawa mzunguko kwa 3.14 upate kipenyo. Wa kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 18 una takriban kilo 440 kavu juu ya ardhi. Mwakani ukifika 31, umeongeza kama kilo 29, kaboni kilo 14 hivi, na hiyo haiteketei jikoni mwaka huo huo kama mabua. Piga mstari wa rangi pale ulipopima, kwa sababu futi ikipanda mwakani, mti utaonekana umekua kidogo kuliko ulivyokua.