Jinsi ya kuanzisha ushirikiano na manesi wa nchi nyingine

Ukitaja ushirikiano wa kimataifa wa manesi watu wanawaza makongamano na tiketi za ndege, kumbe unaweza kuanza na simu yako tu, mradi uwe na shida moja ya wodini ya kuongelea. Moja tu. Habari za "tubadilishane uzoefu" huwa zinaishia kwenye picha ya pamoja.

Kumpata mwenzako pitia chama chenu cha wauguzi. Baraza la Kimataifa la Wauguzi (ICN) lipo tangu 1899, makao yake Geneva, na wanachama wake ni vyama vya kitaifa, kwa hiyo chama kwa chama wanafikiana kirahisi. Matroni naye ajue mapema, maana mambo ya kisirisiri yanakufa siku ukihamishwa wodi.

Tuseme mmechagua vidonda vya kulalia, vile vinavyompata mgonjwa akilala muda mrefu bila kugeuzwa. Kila upande useme ukweli, usiku mko wangapi, nani anamgeuza mgonjwa na saa ngapi. Hapa ndo penye utamu, wenye magodoro ya umeme, yale yanayojaa na kupungua hewa yenyewe, unakuta wameliamini godoro mpaka wamesahau kukagua visigino, wasio nayo wamebandika chati kitandani, kushoto, chali, kulia, na kila anayegeuza anasaini. Sasa nani mwalimu hapo? Alafu kubalianeni kidonda cha hatua ya kwanza ni kipi, kwa sababu vitabu vingi vinasema wekundu usiopotea ukibonyeza, ila kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa, inabidi upapase kama pana joto, pamekuwa pagumu au mgonjwa anasikia maumivu. Mkishaelewana ndo muanze kuhesabu vidonda vipya kila mwezi.

Picha za wagonjwa kwenye grupu la WhatsApp hapana, hata kama sura haionekani, mpaka mgonjwa na hospitali wakubali.

Wenzenu wakiwapa mashine ulizeni kwanza umeme wake, spea na fundi.

Na kuna suala la ajira nje. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha mwongozo wa kuajiri wahudumu wa afya kimataifa mwaka 2010, unataka mgeni apate haki sawa na mwenyeji, ila ni wa hiari, haumfungi mtu. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba mtumie mwenzako aliye kule ausome, hasa kipengele cha faini ukiacha kazi kabla ya muda.