Kununua steshenwagoni ya kifahari iliyotumika ukiwa Malindi

Audi A4 Avant, BMW 3 Touring na Mercedes C-Class ya buti refu huteremshwa Mombasa kutoka Japani au Uingereza. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo likifika mkononi mwa mnunuzi wa pili hapa pwani limeshafikia umri wa kudai vipuri vya bei. Usivutwe na rangi. Pesa huliwa na cheni ya taimingi (ile inayoendesha valvu za injini), maji yaliyoingia ndani, na chumvi.

Mwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Nenda saa moja asubuhi, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, rudi siku nyingine. Kisha gari liwashwe, redio ikiwa imezimwa, nawe umesimama mbele. Mkwaruzo wa sekunde mbili tatu, kama changarawe ndani ya debe, ni cheni iliyolegea. Sikiliza hasa kwa C180 na C200 zenye injini ya M271, na Audi 2.0 TFSI za kabla ya 2012, ambazo kikaza cheni chake hushindwa. BMW za injini ya N20 hutoa mlio mwembamba unaopanda na mzunguko: plastiki zinazoongoza cheni huvunjika na vipande huangukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Cheni ikiruka meno, valvu hugonga pistoni, na hapo unanunua injini nyingine. Ukiusikia mlio huo, usikubali maneno ya "ni oili tu".

Audi hizohizo za TFSI hunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Nyingi hazina kijiti cha kupimia, kwa hiyo soma kiwango kwenye skrini na uulize wanaongeza lita ngapi kati ya sevisi mbili. Zaidi ya nusu lita kwa kila kilomita 1,000 ni ugonjwa.

Sasa buti, mahali ambapo wanunuzi wengi hupita haraka. Kwenye BMW Touring nyaya za lango la nyuma hupita ndani ya mpira wa mikunjo karibu na bawaba. Kila lango likifunguliwa zinakunjwa, mwishowe zinakatika. Vuta mpira ule taratibu utazame: ganda lililopasuka na shaba iliyogeuka kijani ndiyo dalili. Ndiyo sababu taa ya namba huzimika, kamera ya nyuma hupotea, au kioo cha nyuma hugoma kufunguka peke yake. Fungua na ufunge lango mara kumi huku ukijaribu kila kitu.

Inua sakafu ya buti, bonyeza zulia kwa vidole, nusa. Gari lenye paa la kioo lina mifereji ya maji kwenye pembe zake, na magari yanayolala chini ya mivinje huijaza majani yake membamba kama sindano. Masika yakija, maji hurudi ndani na kukaa pale penye betri na vifaa vya umeme. Mimina nusu glasi ya maji kwenye kila pembe ya mbele ya paa. Lazima yatokee chini ya gari upande huohuo. Yasipotoka, yanakwenda kwenye zulia.

Chumvi ya upepo wa bahari huanza mbele. Mulika tochi kupitia grili ya chini: mapezi ya kondensa ya eyasii yanayopukutika kama unga yamekwisha. Pandisha gari juu ya shimo la gereji utazame mabomba ya breki na bolti. Kwenye Audi, bolti inayobana mikono ya juu ya saspensheni hung'ang'ania ndani ya alumini. Kubadilisha bushi kunaweza kugeuka kazi ya siku nzima.

Endesha hadi Gede na kurudi, kama kilomita 32, eyasii ikiwa wazi kabisa. Malindi ni tambarare, kwa hiyo ipime giaboksi kwa kukanyaga ghafla ukiwa kwenye mwendo wa 60 na kwa kutambaa kwenye foleni ya sokoni. Giaboksi ya otomatiki ya Audi iitwayo Multitronic ikitetemeka wakati wa kuondoka, iache. Dizeli yenye chujio la moshi haimfai anayezunguka mjini tu, maana chujio huziba. BMW nyingi pia hazina tairi la spea. Fikiria hilo kabla ya safari ya Garsen.

Chomeka skana ya kusoma hitilafu za gari kabla ya kukubaliana bei. Linganisha namba ya chesisi kwenye kioo, kwenye bodi na kwenye logibuku. Tazama pia mwaka uliochapwa kwenye lebo ya mkanda wa kiti. Ukiupita ule wa logibuku, uliza ajali. Fanya utafutaji wa rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kuona jina la mwenye gari na kama kuna benki inayolidai. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nawe unakubali kwenye yako. Salio la pesa lisitoke mkononi mwako kabla ombi hilo halijaonekana kwenye simu yako.