Kujenga kikuza sauti cha vali kwa ajili ya hedifoni za omu 300: hatua kwa hatua, pamoja na maswali ya wanachama

Spika inapokuwa mita mbili au tatu kutoka kwa msikilizaji, mvumo mdogo wa umeme humezwa na sauti za chumba na hakuna anayeulalamikia. Hedifoni hazina msamaha huo, kwa kuwa zimefunika sikio lenyewe, na mvumo wa sehemu ndogo ya milivolti unaweza kusikika wazi kila muziki unaponyamaza. Kwa sababu hiyo somo hili linaanza na umeme unaolisha saketi, na vali, yaani zile chupa za kioo zinazokuza sauti, zinafuata baadaye, ingawa natambua kwamba wengi wangependa kuanza na vali. Kwa maoni yangu, fedha na uangalifu wa mjenzi viende kwanza kwenye transfoma, choki (koili inayolainisha mkondo) na njia za ethi, kwani vali ya thamani kubwa iliyowekwa juu ya umeme mchafu hukuza uchafu huo kwa uaminifu uleule inaoukuza muziki.

Kabla ya lolote, ifahamike kwamba saketi hii hubeba zaidi ya volti 250 za mkondo mnyoofu, na kwamba kapasita zake hubaki na umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme wa kiwango hicho unaua. Asiyewahi kufanya kazi ndani ya chombo chenye volti za juu na aanze na mradi mwingine, au ajenge huu akiwa na fundi mzoefu pembeni yake.

Hatua ya 1: Kuchagua vali na mpango wa saketi

Tutatumia vali mbili tu. Ya kwanza ni 6SN7, ambayo ina trayodi mbili ndani ya chupa moja (trayodi ni kikuzaji chenye kathodi inayotoa elektroni, anodi inayozipokea na gridi inayozidhibiti), na kila trayodi ina uwezo wa kukuza wa takriban mara 20. Ya pili ni 6080, toleo lililoimarishwa la 6AS7G, nayo pia ina trayodi mbili. Vali hii ya pili haikubuniwa kwa ajili ya sauti. Ilibuniwa kudhibiti volti katika mitambo ya kulisha umeme, na ndiyo maana inaweza kupitisha mkondo mkubwa kwa volti ndogo. Ukinzani wake wa ndani ni takriban omu 280 na uwezo wake wa kukuza ni mara 2 tu. Kwa kuwa kila chupa ina trayodi mbili, nusu moja ya kila vali huhudumia sikio la kushoto na nusu nyingine sikio la kulia.

Katika kila upande, 6SN7 hukuza volti, na anodi yake huunganishwa moja kwa moja na gridi ya 6080 bila kapasita kati yake. Sauti hutolewa kwenye kathodi ya 6080 na kupita kwenye kapasita moja kabla ya kufika kwenye hedifoni. Hakuna transfoma ya kutolea sauti, na hilo hupunguza gharama na uzito, lakini pia hufunga mlango kwa hedifoni za ukinzani mdogo, jambo ambalo nitalirudia kwenye maswali.

Hatua ya 2: Umeme wa kulisha saketi

Kila nusu ya 6080 itatumia miliampea 50, na kila nusu ya 6SN7 takriban miliampea 3.5. Jumla ya pande zote mbili ni karibu miliampea 107. Transfoma itakayotoa volti 180 za mkondo geu kwa miliampea 250 inatosha, kwa sababu rektifaya (kigeuzi cha mkondo geu kuwa mnyoofu) ya daiodi nne inayojaza kapasita huidai transfoma mkondo unaokaribia mara mbili ya ule tunaoutumia. Kwa hita, yaani nyuzi zinazoipasha kathodi joto, tunahitaji volti 6.3: ampea 2.5 za 6080 na ampea 0.6 za 6SN7, yaani ampea 3.1, hivyo chagua waya za transfoma zenye uwezo wa ampea 4.

Baada ya rektifaya weka kapasita ya mikrofaradi 100, kisha choki ya henri 10 yenye uwezo wa miliampea 150 au zaidi, kisha kapasita ya mikrofaradi 220. Kapasita zote ziwe za volti 400, kwa sababu kabla ya vali kupata joto hakuna kinachotumia umeme, na volti hupanda juu sana kuliko wakati wa kazi. Wengi huishia hapo. Mimi nasisitiza kuongeza resista ya omu 100 ya wati 5 na kapasita nyingine ya mikrofaradi 220, na sababu yake iko ndani ya 6080 yenyewe. Vali yenye uwezo mkubwa wa kukuza huikinga kathodi yake dhidi ya mawimbi, yaani mabaki ya mkondo geu, yanayofika kwenye anodi, lakini hii yenye uwezo wa mara 2 huyaachia: kwa hedifoni za omu 300, zaidi ya moja ya tano ya mawimbi yaliyobaki kwenye umeme huingia moja kwa moja sikioni. Choki hupunguza mawimbi ya hezi 100 hadi milivolti chache, na resista pamoja na kapasita ya mwisho huyapunguza tena zaidi ya mara kumi, na hapo ndipo ukimya unapopatikana. Mwisho wa njia hii tunatarajia volti 214 hivi.

Umeme wa 6SN7 uchujwe zaidi, kila upande kwa resista yake ya omu 4,700 na kapasita ya mikrofaradi 47. Weka pia resista ya omu 47,000 ya wati 3 sambamba na kapasita ya mwisho, ili iondoe umeme chombo kinapozimwa. Hiyo isiwe sababu ya kuacha kupima: subiri dakika chache, pima kwa multimita kila kapasita, na uguse tu kile ambacho umekipima mwenyewe.

Hatua ya 3: Hesabu za njia ya sauti

Anza na anodi ya 6SN7. Resista yake ni ya omu 33,000 ya wati 2, na resista ya kathodi ni ya omu 470, isiyowekewa kapasita sambamba. Kwa thamani hizo kathodi hukaa kwenye volti 1.65 na anodi kwenye volti 80 hivi. Kuiacha kathodi bila kapasita hupunguza ukuzaji hadi mara 12, lakini hupunguza pia upotoshaji wa sauti, na ukuzaji huo tunao wa kutosha.

Gridi ya 6080 basi iko kwenye volti 80. Kathodi yake hupanda hadi volti 110, yaani volti 30 juu ya gridi, na resista ya omu 2,200 iliyo chini yake hupitisha miliampea 50. Vali hubaki na volti 104 kati ya anodi na kathodi, hivyo huchoma wati 5.2, wakati kila nusu inaruhusiwa hadi wati 13. Nafasi hiyo niliyoiacha ni ya makusudi, kwa kuwa vali isiyobanwa hudumu.

Resista ya omu 2,200 huchoma wati 5.5, lakini nunua ya wati 25 inayofungwa kwa skrubu kwenye kasha la chuma. Hita ya 6SN7 ikikatika siku moja, gridi ya 6080 itavutwa hadi karibu na volti zote za umeme, na resista hiyo italazimika kuhimili wati 18 hivi mpaka utakapogundua.

Kapasita ya kutolea sauti iwe ya mikrofaradi 100 na volti 350, ikiwa na ndogo ya polipropilini ya mikrofaradi 1 sambamba nayo. Kwa hedifoni za omu 300, kapasita hiyo hupitisha sauti nzito hadi kufikia hezi 5 hivi. Baada yake weka resista ya omu 4,700 kwenda kwenye ethi ili kapasita ijae kupitia hapo. Kwa hedifoni hizo 6080 hupunguza volti hadi chini kidogo ya nusu, kwa hiyo ukuzaji wa jumla ni kati ya mara 5 na 6. Volti 5 kwenye omu 300 ni miliwati 83, kiwango ambacho sikio la kawaida halitakiwi kukifikia.

Kidhibiti cha sauti kiwe cha omu 50,000 cha aina ya logarithimu. Kila gridi ipate resista ya omu 1,000 iliyolehemewa kwenye pini yenyewe ya soketi, ili kuzuia vali isianze kutetema kwa masafa ya redio.

Hatua ya 4: Kasha, ethi na waya

Waya wa ethi wa ukutani ufungwe kwenye kasha kwa skrubu yake pekee, isiyoshikilia kitu kingine. Fyuzi na swichi vitangulie transfoma. Kwa umeme wa volti 230, fyuzi ya ampea 1 ya aina inayochelewa kukatika inafaa.

Upande hasi wa rektifaya uende moja kwa moja kwenye upande hasi wa kapasita ya kwanza, pasipo kupitia kasha wala waya wowote wa sauti, kwa sababu mapigo makali ya kuijaza kapasita hiyo hupita hapo. Kutoka kapasita ya kwanza nenda kwenye ya pili, kisha ya tatu, na pale kwenye kapasita ya mwisho ndipo zikutane ethi zote za sauti. Unganisha nukta hiyo na kasha mara moja tu. Soketi za kuingizia sauti na ya hedifoni zitengwe na chuma cha kasha.

Waya za hita zisokotwe pamoja na zipite kwenye kona za kasha. Zisiachwe zikielea: zipe volti 38 hivi za mkondo mnyoofu kutoka kigawanyaji cha volti cha resista za omu 220,000 na omu 47,000, chenye kapasita ya mikrofaradi 22. Hatua hii ndogo huzuia elektroni zisivuje kutoka kwenye hita kwenda kwenye kathodi ya 6SN7, na mara nyingi humaliza mvumo wa hezi 50 peke yake.

Jambo moja la hatari: 6SN7 na 6080 zina mpangilio uleule wa pini, hivyo zikibadilishana nafasi zitaingia bila kipingamizi. Andika jina la kila vali kando ya soketi yake.

Hatua ya 5: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Washa bila vali na bila hedifoni, kupitia balbu ya waya ya wati 100 iliyounganishwa mfululizo na chombo. Balbu iwake kidogo kisha ififie. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, zima, kwani pana mahali palipogusana. Volti za kapasita zikiwa sawa, zima, subiri, pima, kisha weka vali zote mbili na uwashe bila balbu. Baada ya dakika tano linganisha volti zako na zile za hatua ya 3. Mwisho pima volti za mkondo mnyoofu kwenye soketi ya hedifoni. Ziwe karibu na sifuri. Hedifoni ziunganishwe baada tu ya kipimo hicho, na katika matumizi ya kila siku zichomekwe dakika moja baada ya kuwasha, au uweke rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayochelewa kuziunganisha.

Maswali ya wanachama

Swali: Ahsante kwa somo, mwalimu. Hedifoni zangu ni za omu 32. Je, nikiongeza tu kapasita ya kutolea sauti zitafaa?

Jibu: Hazitafaa, ndugu yangu. Kapasita kubwa itarudisha sauti nzito, lakini ukinzani wa kutolea wa saketi hii ni takriban omu 120, mara nne ya hedifoni zako. Volti nyingi zitapotea ndani ya vali, na upotoshaji utaongezeka. Kwa omu 32 tafuta mpango wenye transfoma ya kutolea sauti.

Swali: Nasikia mvumo hata nikishusha sauti hadi sifuri. Nichomoe 6SN7 nione kama unatoka kwayo?

Jibu: Tafadhali usiichomoe chombo kikiwa kinawaka, kwa sababu ya yale niliyoeleza kuhusu gridi ya 6080. Sikiliza kwanza aina ya mvumo. Ule mzito na laini wa hezi 50 hutoka kwenye hita, au kwenye transfoma iliyo karibu mno na waya za sauti. Jaribu kuigeuza transfoma kabla ya kuifunga. Ule wa hezi 100, wenye mkwaruzo, hutoka kwenye mawimbi ya umeme au kwenye ethi zilizochanganywa. Anza na njia ya kapasita ya kwanza.

Swali: Kathodi moja ya 6080 inanionesha volti 101 na nyingine 117. Nitupe vali?

Jibu: Usiitupe. Hiyo ni miliampea 46 na 53, na nusu mbili za 6080 hutofautiana hivyo mara nyingi. Pima pia anodi za 6SN7. Tofauti ikianzia huko, jaribu 6SN7 nyingine kwanza.

Swali: Je, ninaweza kutumia ECC82 badala ya 6SN7?

Jibu: Unaweza, kwani tabia zake zinakaribiana na za 6SN7, lakini soketi yake ni ya pini 9 na mpangilio wa hita ni tofauti. Lengo lako liwe kupata volti 80 kwenye anodi. Rekebisha resista ya kathodi mpaka uzifikie, kisha pima upya 6080.