Namna ya Kusikiliza na Kukusanya Santuri za Zamani za Piano ya Jazi

Anayetaka kukusanya santuri za piano ya jazi azoeshe sikio lake kwanza kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa maelfu ya rekodi hizo husikilizwa bure katika hazina za mtandaoni za Maktaba ya Bunge la Marekani na Internet Archive.

Katika kusikiliza, ufuate mkono wa kushoto. Katika "Carolina Shout" ya mwaka 1921, James P. Johnson anapiga noti ya chini kabisa, kisha anarukia katikati ya piano kupiga noti kadhaa kwa pamoja, na mkono huo peke yake unatosha kuwa besi na ngoma. Katika "Weather Bird" ya mwaka 1928, Earl Hines, akiwa na tarumbeta ya Louis Armstrong tu, anauvunja mwendo huo ghafla na kuurudia pale msikilizaji anapodhani umepotea. Art Tatum, katika "Tiger Rag" ya mwaka 1933, anaupeleka kwa kasi inayowafanya wengi wadhani wapigaji ni wawili. Ukifika kwa Bud Powell, mwishoni mwa miaka ya 1940, utausikia ukigusa noti chache fupifupi tu, kwa sababu kazi ya kushika mwendo imeachiwa besi na ngoma. Ukisikia piano ya kabla ya mwaka 1925 kama imefungiwa sandukuni, usimlaumu mpigaji, kwani sauti ilinaswa kwa pembe kubwa iliyoikusanya, bila maikrofoni.

Wakati wa kununua, inamisha santuri chini ya mwanga mkali na uitazame kwa ubavu, maana mifereji iliyochakaa huonekana ya kijivu hata kama uso haukukwaruzwa. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja hubeba takriban dakika tatu, nyingi zimetengenezwa kwa sheleki, yaani utomvu mgumu wa wadudu, na huvunjika zikianguka, kwa hiyo kagua ukingo wote kutafuta ufa. Kwa maoni yangu, anayeanza anunue toleo la baadaye lililo safi kuliko toleo la kwanza lililochoka. Rekodi ambazo Jelly Roll Morton alizifanya kwa kampuni ya Gennett mwaka 1923, kwa mfano, zimetolewa upya mara nyingi. Soma jalada kwa makini, kwani baadhi ya santuri zinazouzwa kwa majina ya mabingwa zilitokana na karatasi zilizotobolewa za piano za kujiendesha, ambazo matundu yake yaliweza kuongezwa au kusahihishwa baada ya mpigaji kuondoka.

Santuri za 78 zina mifereji mipana, hivyo zinahitaji sindano yake yenye ncha pana. Sindano ya LP, yaani santuri za baadaye zenye mifereji myembamba, huzama hadi chini, penye vumbi, na kuleta mikwaruzo mingi masikioni. Kwa kuwa kasi ya santuri za mwanzo haikuwa 78 kamili nyakati zote, gramafoni inayoweza kurekebishwa kasi ina faida kubwa. Sheleki isafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, tone la sabuni laini na kitambaa kisicho na nyuzi, lakini kamwe isiguswe na spiriti, ambayo huiyeyusha. Hatimaye zipange zikiwa zimesimama wima, mbali na jua, bila kuzibana.