Kabla hujafunga kijumba cha kulala kwenye pikapu, nenda mizani

Mteja akija karakana yetu hapa Katwe, Kampala, kutaka kijumba cha kulala mgongoni mwa pikapu, huanza na rangi, akaja kwenye jiko, akamalizia na upana wa kitanda. Mimi namuuliza: gari umeshalipima? Jibu ni lile lile: "Ssebo, hii ni Hilux, inabeba tani."

Tuizungumze hiyo tani. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo yake; kuna kibao kidogo cha kiwanda. Kwenye magari mengine kiko chini ya boneti. Tafuta herufi GVM au GVW. Namba iliyo mbele yake ndiyo uzito wa mwisho wa gari zima: chuma, dizeli, dereva, abiria, mizigo, mpaka tope lililoganda chini. Unachoruhusiwa kubeba ni namba hiyo ukitoa uzito wa gari lenyewe, na uzito huo usiuchukue kwenye karatasi ya muuzaji. Karatasi haijui kwamba ulishafunga bampa la chuma, winchi, na karia ya juu.

Kwa hiyo nenda mizani. Maghala makubwa ya kahawa, viwanda vya sukari na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu huwa na mizani ya magari. Nenda asubuhi kabla malori hayajapanga foleni, zungumza na mlinzi vizuri. Jaza tangi la dizeli kwanza. Mizani hizi husoma kwa hatua ya kilo 10 au 20, basi usitafute usahihi wa duka la dhahabu. Pima gari zima, kisha sogea mbele mpaka tairi za nyuma peke yake ziwe juu ya mizani, upime tena. Andika namba zote mbili.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kibao kinasema kilo 2,910, na mizani imesema 2,180 gari likiwa na dizeli na vyuma vyako. Zimebaki 730. Hapo ndipo mteja hutabasamu, kwa sababu kijumba alichokiona kina kilo 450. Lakini toa watu wawili wazima, kilo 150: unabaki na 580. Maji lita 60 ni kilo 60, hayana punguzo. Friji na vilivyomo, 40. Betri ya pili ya asidi, 30. Tairi ya pili ya spea, 30. Jerikeni mbili za dizeli, 36. Mtungi mdogo wa gesi uliojaa, 13, maana chuma cha mtungi nacho kina uzito wake. Jeki ndefu, 13. Zana, 25. Chakula na sufuria, 30. Nguo, godoro na mablanketi, 40. Jumla 317. Umebaki na 263, na bado sijakuachia akiba. Mimi huacha kilo 100, kwa sababu hakuna safari ya mbuga ya Kidepo ambayo mtu hakumpa lifti askari wa wanyamapori na gunia lake. Kijumba chako kitupu kisizidi basi kilo 160 hivi. Kile cha 450 hakikutoshi hata ukikipaka mafuta.

Zile picha za intaneti zenye choo, bafu na meza ya watu wanne ni za malori ya Marekani kama Ford F-350 yenye tairi nne nyuma. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, ndiyo, ila Hilux si Mnyamwezi.

Kilo 160 unazipataje? Kwa kuchagua malighafi kabla ya kuchomelea. Bati la chuma la milimita 1.5 lina karibu kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Alumini ya unene huo huo ina kilo 4. Kijumba kidogo kina mita za mraba 10 au zaidi za kuta na paa, kwa hiyo tofauti ni kilo 80 kabla hujaweka hata bawaba. Bomba la mraba la 40 kwa 40, unene wa milimita 2, lina zaidi kidogo ya kilo 2 kwa mita. Vijana wetu hupenda kulitumia kila mahali kwa sababu halipindi wakati wa kuchomelea. Mwambie fundi alitumie kwenye fremu ya chini tu. Makabati ya mbao nzito yasahau. Vikapu na mapazia vinafanya kazi.

Jumla ikikubali, bado ekseli ya nyuma haijakubali. Dabo kabini ina bodi fupi, kama mita moja na nusu, na kijumba kirefu huning'inia nyuma. Hilux ina kama mita 3.1 kati ya ekseli na ekseli. Ukitundika kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haiongezewi 100, inaongezewa kama 132. Zile 32 zimenyanyuliwa kutoka tairi za mbele. Usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapungua nguvu, tena unateremka kutoka Kapchorwa. Kwa hiyo tangi la maji na betri viegemee ukuta wa kabini, chini kabisa. Mlango wa nyuma usibebe spea mbili na jerikeni, hata kama kwenye picha inapendeza.

Watu hukimbilia kuongeza springi au mifuko ya hewa. Gari litanyanyuka na kukaa sawa, lakini namba ya kibao haijabadilika: ekseli, beringi, breki na chasisi ni zile zile. Nimeona dabo kabini iliyopinda chasisi nyuma ya kabini, springi zake zikiwa nzima kabisa.

Tairi zina namba ya uwezo wa mzigo ubavuni. 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja ikiwa na upepo kamili. 115 ni 1,215. Linganisha mbili za nyuma na uzito wa ekseli ya nyuma ukiwa umepakia kila kitu. Ukipunguza upepo kwenye mchanga, na uwezo huo unapungua.

Hesabu ikikataa, una njia mbili za heshima: kava jepesi la alumini na hema la juu, au gari jingine. Land Cruiser ya kabini moja ina bodi ndefu na huacha nafasi kubwa zaidi. Canter hata zaidi, ingawa mgongo wako utalalamika.

Kijumba kikishafungwa kwa bolti kwenye chasisi, wala si kwenye bati la bodi, rudi mizani ukiwa umepakia kama unaondoka, abiria wakiwa ndani. Ukikuta umezidi, shusha maji kwanza. Visima na maduka viko njia nzima mpaka Kitgum.