Kulinganisha bata mzinga wa pilipili wa sandwichi

Kwenye kaunta za nyama baridi za Marekani, usinunue bata mzinga wa pilipili kwa jina tu. Aina za chipotle (pilipili iliyokaushwa kwa moshi), kwa mfano, zina ukali wenye moshi. Zile za "pilipili manga" huwasha kidogo na harufu ndiyo inayotangulia. Za mtindo wa Cajun (upishi wa Louisiana) hutegemea paprika na kitunguu saumu. Nyingi hazina ukali mwingi.

Kosa kubwa ni kuonja kipande cha katikati. Mara nyingi viungo vimepakwa nje tu, kwa hiyo ukali wote uko kwenye ukingo. Omba slesi nzima ya kuonja, iwe nyembamba, kisha uile ukingo na katikati kwa pamoja. Ikikatwa nene, nyama ya ndani huumeza ukali na sandwichi hupooza.

Halafu soma lebo: sodiamu kwa gramu 56, na asilimia ya maji ya chumvi yaliyoongezwa. Yakizidi, nyama huteleza na kulowesha mkate.

Nunua robo ratili ya kila chapa, gramu 113 hivi, ulinganishe kwa mkate uleule bila mayonezi, maana mafuta hupoza pilipili. Imalize ndani ya siku 3 hadi 5, ikiwa frijini. Mjamzito aipashe moto hadi 74°C kwanza. Na kwa asiyekula nguruwe: mara nyingi mashine ileile hukata hamu (nyama ya paja la nguruwe), basi omba isafishwe au chukua pakiti iliyofungwa kiwandani.