Jinsi ya kusoma msimamo wa ligi za chini za Ukraine enzi za Sovieti bila kudanganyika

Hii ni kwa wagonjwa wa mpira wa Moshi na Arusha, wale ambao Jumapili mechi ya Ushirika ikiisha bado wanabaki kibarazani wanabishana nani alipanda daraja mwaka gani. Dynamo Kyiv sina haja ya kumuelezea, huyo kila mtu anamjua. Nazungumzia timu za chini huko, kina Bukovyna, Kryvbas, Desna, ambako ndo kuna utamu wenyewe ila ukisoma msimamo kichwakichwa lazima upotee.

Anza kwa kujua uko daraja gani. Kati ya 1971 na 1989 juu kulikuwa na Ligi Kuu, halafu Ligi ya Kwanza, zote mbili za nchi nzima, halafu Ligi ya Pili ambayo iligawanywa kwa zoni, yaani makundi ya kimaeneo, maana nchi ilikuwa kubwa mno, huwezi kumsafirisha mtu wa Lutsk, magharibi mwa Ukraine, kila wiki mpaka Siberia. Ukraine walikuwa na zoni yao wenyewe, sehemu kubwa ya miaka ya 80 iliitwa zoni ya 6. Chini yake tena kulikuwa na mashindano ya ridhaa ya jamhuri, timu za viwanda na mashamba, ukiona herufi KFK ujue ndo huko. Sasa aliyeongoza ile zoni aliitwa bingwa wa Ukraine, kwa hiyo ukikuta mahali wameandika bingwa wa Ukraine 1982 ni Bukovyna Chernivtsi usianze kuuliza Dynamo wamefungwaje, Dynamo hawakuwemo kabisa, walikuwa juu huko wanagombania ubingwa wa Sovieti nzima.

Msimu wenyewe unaanza masika yao na kuisha vuli kwa sababu ya theluji, kwa hiyo msimu ni mwaka mmoja, 1984 ni 1984, hakuna 83/84.

Ukifungua msimamo wa herufi zao za Kirusi usiogope, safu zinajirudia: И ni mechi, В kushinda, Н sare, П kufungwa, М magoli, О pointi. Hiyo В inasomwa V na hiyo Н inasomwa N, wengi wanakwama hapo tu. Kushinda ilikuwa pointi 2 sio 3, kwa hiyo chukua ushindi mara mbili jumlisha sare, ikigoma kuna mtu kakosea kunakili. Na kuna hesabu ya pili ambayo mimi naiamini kuliko zote: tuseme zoni ina timu 24 wanacheza nyumbani na ugenini, kila timu mechi 46, jumla mechi 552, basi pointi zote za msimamo lazima zifike 1104, na magoli ya kufunga yalingane na ya kufungwa. Ila kuwa makini, kuna misimu walicheza kwa hatua mbili, makundi kwanza halafu wanapangwa upya, hapo hesabu inabadilika. Na mwaka 1973 walileta mambo yao, Ligi Kuu sare ilikuwa inaenda penati na anayeshinda penati ndo anachukua ile pointi moja, mwingine kapa. Kuanzia 1978 ligi hiyohiyo ikawekewa kikomo cha sare, ukizidisha hupati kitu, eti wamechoka na timu zinazokubaliana kugawana pointi. Kwa hiyo ukiona pointi za miaka hiyo haziendani na sare usimlaumu mwandishi haraka.

Majina ya timu nayo yanakuambia nani analipa mshahara. SKA ni jeshi, kama sisi tulivyokuwa na JKT Oljoro, wachezaji wengi ni vijana wanaotumikia jeshi, wakimaliza muda wanarudi kwao na timu inaanza upya, ndo maana hizo timu zinapanda na kushuka bila mpangilio. Dynamo ni polisi na usalama, Lokomotiv reli, Shakhtar wachimba makaa, Kolos wakulima, Sudnobudivnyk ya Mykolaiv ni wajenzi wa meli. Halafu miji imebadilishwa majina: Voroshilovgrad ni Luhansk, Zhdanov ni Mariupol, Kirovograd siku hizi ni Kropyvnytskyi. Usipolijua hilo utahesabu timu moja mara mbili.

Sasa hapa ndo pa kukaza macho. Kuongoza zoni haikuwa kupanda. Sehemu kubwa ya miaka ya 80 mabingwa wa zoni 9 walipangwa makundi matatu ya timu tatutatu, na anayeongoza kundi ndo anapanda Ligi ya Kwanza, wengine sita warudi walikotoka. Wanaofuatilia Ligi ya Mabingwa wa Mikoa hapa kwetu wanaelewa maumivu hayo, unatamba mkoani mwaka mzima halafu unapigwa kituo cha mwisho. Kwa hiyo msimamo wa zoni peke yake haujamaliza kitu, tafuta yale makundi ya mwisho. Bukovyna alibeba zoni 1982 na tena 1988 na Ligi ya Kwanza hakuiona mpaka 1991! Tavriya Simferopol alibeba 1985 akakwama, akabeba 1987 akapita. Nyva Vinnytsia 1984 alipita.

Ukitaka msimu wa kujifunzia chukua 1978, bingwa Metalist Kharkiv, kwa sababu mtiririko wake unaonekana vizuri: fuata jina lake Ligi ya Kwanza mpaka 1981 alipoibeba, kisha Ligi Kuu 1982, kisha kombe la Sovieti 1988. Fanya na daftari pembeni, na majina ya miji uyaandike yote mawili.